Tumchangie mwenzetu wa mwalo wa Kibirizi

Assalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, wana Kibirizi na ndugu zetu mlio mbali.

Mwenzetu mmoja katika umoja wa wachuuzi wa dagaa anaumwa. Jina tumeliacha makusudi. Alianza kubanwa kifua, akawa hawezi kuanika turubai moja bila kukaa chini kuhema. Maji yalijaa kifuani. Yakatolewa kwa sindano, yakarudi. Huku kwetu maji ya kifuani kinachoshukiwa kwanza ni TB, akameza dawa zake bila nafuu. Maji yalipopimwa vizuri Mwanza ndipo zikaonekana seli za saratani.

Ni limfoma ya majimaji, yaani saratani ya seli za kinga. Limfoma nyingi huota uvimbe shingoni au kwapani. Hii hukaa ndani ya maji yanayozunguka mapafu, moyo au matumbo, kwa hiyo ukipapasa mara nyingi hukuti kitu. Ni adimu sana. Seli zake hubeba kirusi cha HHV-8, kilekile cha saratani ya Kaposi, kilichogunduliwa Marekani mwaka 1994. Mwaka uliofuata kikakutwa kwenye limfoma hii. Mara nyingi kirusi cha Epstein-Barr nacho kimo. Wengi wenye HHV-8 hawaugui maisha yao yote. Hatari huja kinga ikishuka, iwe kwa VVU, uzee au dawa za waliopandikizwa figo. Nani ana nini si kazi yetu kuuliza. Na yale maneno kwamba dagaa wake wana ugonjwa yakome leo.

Hatuwadanganyi, ni saratani kali. Hospitali ya Bugando, Mwanza, wamempangia kemo (dawa za saratani) mizunguko sita, kila baada ya wiki tatu. Pigeni hesabu wenyewe: basi la Kigoma–Mwanza kwenda na kurudi, yeye na wa kumuuguza, mara sita, na malazi, chakula, vipimo vya damu kabla ya kila dripu. Akiruka mzunguko kwa kukosa nauli, saratani inapata nafasi.

Tunaomba sh. 10,000 kwa kila mwanachama. Mwenye zaidi asijizuie. Asiye na fedha alete sado ya dagaa, tutauza sisi. Wakavu, wasio na mchanga, maana wenye mchanga tunawajua! Mhazini yupo bandani kila asubuhi mitumbwi ikirudi, na daftari liko wazi kwa yeyote.

Tunataka tufunge hesabu kabla ya mbalamwezi, taa za kuvulia dagaa hazijazimwa ziwani na mifuko haijakauka.