Risala ya Umoja wa Wamiliki na Manahodha wa Boti kwa Mgeni Rasmi, Kuhusu Sheria ya Usajili wa Boti za Mashine

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa baraza la kisiwa,
Wazee wetu, manahodha, mafundi boti, kina mama na vijana mliohudhuria,

Tunakushukuru kwa kukubali kuvuka maji na kuja kutusikiliza. Tunajua muswada wa sheria ya kusajili boti za mashine uko mezani kwenu, na tuliona heri maneno yetu uyasikie hapa gatini, boti zenyewe ukiziona, kuliko kuyasoma kwenye karatasi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sheria hii tunaitaka. Wengi wetu zamani hatukuitaka. Kilichotugeuza ni usiku mmoja ambao boti moja haikurudi. Tulikusanyika gatini na tochi zetu tukaanza kuulizana. Rangi gani? Mmoja akasema buluu, mwingine akasema ilikuwa buluu lakini ilishapakwa nyeupe. Imefungwa mashine ya nguvu gani, ili tukadirie mafuta yangeifikisha wapi? Tuliyemjua kuwa mwenyewe alikuwa ameshaiuza, na aliyeinunua alikuwa amemwazima mtu. Wamepanda wangapi? Hakuna aliyejua. Saa nzima ilipotea nchi kavu tukitafuta majibu ambayo daftari moja lingetupa papo hapo. Watu wale tuliwakuta alfajiri wameing'ang'ania boti iliyopinduka, wazima, tunamshukuru Mungu. Lakini saa ile iliyopotea inatuuma hadi leo.

Kwa hiyo ombi letu kubwa ni kwamba muswada utamke mwanzoni kabisa kuwa daftari hili ni la kutafutia na kuokolea watu. Wananchi wakisikia neno usajili wanasikia kodi, na boti zitafichwa mikokoni. Daftari lenye nusu ya boti lina hatari yake, kwa sababu mwokozi ataliamini.

Tumeambiwa na wengine kuwa vyombo vidogo kama vyetu havihitaji haya. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, katika ibara ya 94, unaitaka kila nchi iwe na daftari la meli zake, ila unaviacha nje vyombo ambavyo kwa udogo wake haviguswi na kanuni za kimataifa. Sisi tunalisoma hilo hivi: dunia imetuachia wenyewe kazi ya kuvijua vyombo vyetu. Tusipoifanya sisi, hakuna atakayeifanya.

Kuna jambo ambalo wasiokaa na boti hulipita haraka, nasi tunaomba ulibebe. Boti na mashine ni vitu viwili. Mashine ya kupachika unalegeza skrubu zake, unaitia begani, na jioni iko kwenye boti ya shemeji yako. Hapa mashine moja huhudumia boti mbili au tatu, kutegemea nani anasafiri na nani boti yake iko kwa fundi. Sheria ikiandika boti na mashine kwenye cheti kimoja, kila ajaye gatini na mashine ya kuazima atakuwa mkosaji, na baada ya miezi michache daftari litakuwa limejaa uongo. Tunaomba boti iwe na cheti chake, na mashine iwe na chake chenye namba iliyo kwenye kibati chake. Utaratibu huo utamsaidia pia aliyeibiwa mashine, maana muuzaji ataulizwa cheti.

Boti ya kiwandani huja na namba yake imegongwa kwenye tezi, yaani nyuma. Boti iliyoundwa na fundi wetu ufukweni haina namba wala risiti, na huenda fundi mwenyewe ameshafariki. Ushahidi wa majirani wawili mbele ya baraza utoshe. Tena boti nyingi hapa ni za watu watatu au wanne waliochangishana. Cheti kibebe majina yote. Kina mama waliofiwa wanajua kwa nini tunasema hivi: mume akizikwa, boti hubaki kwa mshirika aliye hai, na mjane hana hata kipande cha karatasi cha kuonyesha fungu lake.

Kuhusu ukaguzi, uwe wa mambo yanayookoa: jaketi la kuokolea kwa kila abiria, kata ya kufulia maji yanayoingia botini, kamba ya kuzimia mashine inayofungwa mkononi mwa nahodha, na taa. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 zinakiruhusu chombo cha mashine kisichofika mita 7, na ambacho mwendo wake hauwezi kuzidi noti 7 (kama kilomita 13 kwa saa), kuwasha taa moja nyeupe inayoonekana pande zote. Taa moja hakuna atakayeshindwa nayo. Namba iandikwe omo, yaani mbele, pande zote mbili, kubwa, kwa rangi inayopingana na ya boti. Mitumbwi ya kafi na vyombo vya tanga visiguswe.

Ofisi ya usajili iwe hapa kisiwani. Marekani, nchi kubwa namna ile, ilianza kuzipa boti za mashine namba kwa sheria ya mwaka 1918, na mwaka 1958 ikaruhusu majimbo yaifanye kazi hiyo yenyewe. Mtu hawezi kupoteza siku mbili na mafuta ya kwenda na kurudi kwa ajili ya kugongewa muhuri. Ada iwe ndogo, na matumizi yake yabandikwe ukutani hapa gatini.

Halafu adhabu. Boti hizi ndizo gari la wagonjwa wetu. Tunaomba sana boti isizuiwe ufukweni kwa kukosa karatasi. Atozwe faini mwenyewe, na hilo lianze baada ya mwaka mmoja wa kuelimishana.

Sisi hatukungoja. Daftari lililo mbele yako tumeliandika wenyewe, jioni kwa jioni, tukipima boti za wanachama kwa kamba na kusoma vibati vya mashine kwa tochi. Tunalikabidhi kwako liwe mwanzo wa daftari la serikali. Ukurasa wa kwanza tumeuacha wazi. Tunaomba namba 1 ipewe ile boti iliyopinduka usiku ule. Imeshatengenezwa, na ndiyo hiyo iliyofungwa hapo kushoto kwako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.