Sailensa kwenye bunduki ya kujipakia: kukaza thredi ni mwanzo tu

Mhariri,

Neno "sailensa" limepotosha wengi. Filamu zimetuzoesha kwamba ukishakifunga kifaa hicho mdomoni mwa mtutu, bunduki hubaki kutoa "fyu" tu. Bunduki ya kuwindia ya kaliba .308 hulia kiasi cha desibeli 165, na kifaa kizuri hupunguza 20 hadi 35. Kinachobaki bado ni kishindo kilicho jirani na 140, kiwango ambacho mlio mmoja waweza kuumiza sikio. Tena kifaa hakigusi mlio wa mpasuko wa hewa unaofanywa na risasi yenyewe, ambayo huruka zaidi ya mita 800 kwa sekunde ilhali sauti huenda 340 hivi. Ndiyo maana sisi mafundi tunapendelea kukiita kipunguza mlio.

Tungevumilia kosa hilo. Tusiloweza kulivumilia ni dhana kwamba kifaa hufungwa kama kifuniko cha chupa na kazi ikaisha. Kwa bunduki inayokokiwa kwa mkono, hapo pana ukweli kidogo. Kwa ile inayojipakia yenyewe, hapana.

Kabla ya yote ni kibali. Norway vifaa hivi huuzwa wazi kwa wawindaji, Marekani husajiliwa chini ya sheria ya 1934, na ziko nchi ambako kuwa nacho tu ni kosa la jinai. Kibali kikiwepo, toa magazini, fungua bolti (kile kipande kinachofunga nyuma ya mtutu), chungulia chemba, mahali risasi inapokaa kabla ya kupigwa, kwa macho na uiguse kwa kidole.

Thredi za mtutu, yaani ile mikunjo ya skrubu, zikubaliane na za kifaa: M14x1, M15x1, M18x1, au zile za inchi, 1/2-28 na 5/8-24. Zisilazimishwe. Lakini thredi hushika tu. Kinachonyoosha kifaa ni bega la mtutu, yaani ule ukingo bapa nyuma ya thredi. Bega likiwa na uchafu, au likiwa limechongwa upande, kifaa hukaa kombo. Washa ya kusinyaa, ile pete inayokuja na kificha mwako, itolewe kabisa, kwa sababu haisinyai sawasawa pande zote. Hesabu yake ni hii: risasi ya .308 ina kipenyo cha milimita 7.8. Tundu la viwambo, yaani zile sahani za ndani ya kifaa ambazo risasi hupita katikati yake, likiwa milimita 9, kila upande una nafasi ya 0.6 tu. Kifaa cha sentimita 20 kikiinama robo digrii, ncha yake imeshahama karibu milimita 0.9. Risasi itakwangua kiwambo cha mwisho, au itatoka nacho.

Kwa hiyo pitisha fimbo ya kupimia, ya chuma kilichonyooka na inayolingana na kaliba, hadi itokeze mwisho wa kifaa, kisha utazame lile duara la nafasi inayoizunguka. Likiwa jembamba upande mmoja, simamisha kazi na mtutu urudi kwa fundi mwenye mashine ya kukereza. Kukadiria kwa jicho bila fimbo hakutoshi hata kidogo.

Sasa gesi. Bunduki nyingi za kujipakia zina kitundu mtutuni kinachochepusha gesi ya baruti kuisukuma bolti nyuma. Bila kifaa, risasi ikishatoka mdomoni shinikizo huporomoka papo hapo. Kifaa hulizuia lisishuke upesi, hivyo gesi zaidi hupita kwenye kitundu na bolti hurudi kwa kasi isiyostahili. Hufunguka ganda likiwa bado limebana chemba. Kikucha cha bolti kinachovuta ganda huteleza au hunyofoa ukingo wake. Pengine bolti hurudi mbele kabla magazini haijainua risasi inayofuata, ikakuta patupu. Na mpigaji hupuliziwa gesi usoni kupitia dirisha la kutolea maganda, ambalo pia ndilo linalomfanya asikie kishindo kikubwa kuliko mwenzake wa bolti ya mkono, hata kifaa kikiwa kilekile.

Dawa ni kirekebisha gesi, yaani sehemu ya kupunguza au kuongeza gesi inayopita kwenye kitundu, kama bunduki inacho. Anza kikiwa kimezibwa, weka risasi moja tu kwenye magazini, piga, fungua hatua moja, rudia. Bolti ikianza kukaa nyuma yenyewe baada ya risasi hiyo, ongeza hatua moja au mbili kwa ajili ya baridi na masizi, uishie hapo. Ukiokota maganda, tazama ukingo: ukiwa na alama ya kuchubuliwa, gesi bado ni nyingi. Bunduki isiyo na kirekebisha hutibiwa kwa springi ngumu zaidi au uzito wa ziada nyuma ya bolti, na hiyo si kazi ya mezani nyumbani. Zile ambazo mtutu wenyewe hurudi nyuma zisifungwe uzito mdomoni bila ruhusa ya aliyeziunda.

Shabaha nayo itahama, mara nyingi kwenda chini kwa sababu ya uzito, hivyo darubini ilengeshwe upya kifaa kikiwa mahali pake. Kikazwe kwa mkono, na kikaguliwe kila baada ya risasi chache. Kikilegea nusu mzunguko, yale ya robo digrii yamerudi. Risasi kumi mfululizo hukifanya kichome ngozi, na mvuke wa joto hutetemesha picha ndani ya darubini.

Grisi kidogo ya kustahimili joto kwenye thredi huzuia masizi yasikigandishe. Siku ikiisha kifunguliwe, kikaushwe peke yake. Unyevu unaobaki ndani huuma mdomo wa mtutu kwa kutu, tena mahali pale pale risasi inapoagana na chuma.

Fundi wa bunduki