Mita inasema safi, TV inaganda: kwa nini tunapima laini mara mbili

Wenye hoteli na nyumba za kupangisha hutupigia simu na malalamiko yaleyale. Fundi alikuja, akachomeka mita ya kupimia mawimbi ya TV, akasoma namba nzuri, akalipwa, akaondoka. Jioni wageni wanashuka mapokezi kulalamika kuwa picha inaganda. Mara nyingi fundi huyo hakudanganya. Mita yake ilimwonyesha laini ikiwa imeshatibiwa.

Ndani ya mita ya kebo ya kidijitali, na ndani ya TV yenyewe, kuna kichujio tunachokiita kisawazishi. Mawimbi yakipita kwenye waya na kukuta kiungo kibovu, sehemu yake hurudi nyuma, kisha huja kumfikia mpokeaji ikiwa imechelewa. Huo ni mwangwi. Alama, yaani kipande kimoja cha data, inayofika sasa hivi inaangukiwa na mabaki ya ile iliyotangulia. Kisawazishi hulinganisha kila alama na mahali ilipopaswa kuangukia, kinajirekebisha kidogo kidogo, na kuuondoa mwangwi bila kuambiwa na mtu uko wapi. Robert Lucky wa Bell Labs huko Marekani ndiye aliyekibuni, mwaka 1965, kwa ajili ya modemu za laini za simu. Bila kazi ile, kebo nyingi za leo zisingeonyesha kitu.

Kwa hiyo kisawazishi si adui. Shida ni kupima kikiwa kimewashwa tu, halafu kutangaza kwamba waya ni mzima. Namba tunayoiangalia ni MER, inayopimwa kwa desibeli. Inaeleza nukta za mawimbi, yaani zile alama zikichorwa kwenye skrini ya kipimo, zimekaa karibu kiasi gani na mahali pake. Ikiwa kubwa, nukta zimetulia. Kwa modulesheni ya 64-QAM, yaani njia ya kubeba data ambapo alama ina nafasi 64 za kuangukia, sisi tunataka angalau 30 kwenye soketi ya chumba.

Tuliitwa kwenye hoteli moja ya ufukweni kaskazini ya Unguja. Chumba cha mwisho cha ghorofa ya pili kilisoma MER 34. Namba nzuri kabisa. Tukazima kisawazishi kwenye kipimo chetu, ikashuka hadi 21. Desibeli 13 zote zilikuwa jasho la kichujio. TV ya chumbani nayo ilikuwa ikibeba mzigo huohuo saa zote, na kila kiyoyozi kilipowaka na kuutikisa ukuta, kiungo kililegea, mwangwi ukabadilika ghafla, na kisawazishi cha TV kikalazimika kuanza kujifunza upya. Katika sekunde hizo ndipo picha ilipoganda.

Kichujio kilekile kilichotuficha ugonjwa ndicho kilichotuonyesha ulipo, na hapa ndipo ninapoipenda kazi hii. Kifaa chetu kinaweza kuchora mizani ya kichujio, yaani kiasi kinachojirekebisha kwa kila ucheleweshaji, hatua kwa hatua; hatua moja ni muda wa alama moja. Mawimbi ya hoteli ile yalikuwa yakienda alama milioni 6.9 kwa sekunde, kwa hiyo hatua moja ni kama nanosekunde 145. Katika waya wa RG-6, aina ya waya wa TV, mawimbi hukimbia kwa takriban asilimia 83 ya kasi ya mwanga, yaani mita 36 kwa hatua moja. Mwangwi huenda na kurudi, basi gawa kwa mbili: mita 18. Mchoro ulikuwa na kilele cha pili kwenye hatua ya pili baada ya kile kikuu. Hatua mbili za mita 18 ni mita 36, basi tukatafuta waya wa urefu kama huo usio na mwisho mzuri.

Tuliukuta juu ya dari. Vyumba viwili viliunganishwa kuwa kimoja wakati wa ukarabati, na waya wa chumba kilichoondolewa ukaachwa ukining'inia, ncha wazi, bila kizibo cha omu 75, kile kinachomeza mawimbi yasirudi. Ulitoka kwenye splita, kigawanyaji cha mawimbi, iliyoliwa na kutu ya chumvi, ambayo haikuweza tena kuzuia kilichorudi kisiingie kwenye laini ya jirani. Tukabadilisha splita, tukafunga konekta mpya, tukatia kizibo. MER bila kisawazishi ikapanda hadi 33, na kikiwashwa 35. Kichujio kikabaki na kazi ndogo tu.

Kuna mambo ambayo kisawazishi hakiwezi kuyatibu hata kikiwa kirefu namna gani: kelele ya amplifaya iliyochoka, cheche za injini ya lifti, amplifaya iliyofunguliwa kupita kiasi mpaka ikapotosha mawimbi. Tena mwangwi ukiwa mkali hata ukachimba shimo kwenye chaneli, kichujio hulazimika kukuza mawimbi mahali hapo, na kelele hupanda nayo. Namba zote mbili zikiwa mbaya kwa kiasi kilekile, basi tunaacha kutafuta waya na kwenda kwenye chumba cha mitambo.

Ndiyo maana ripoti yetu ina safu mbili za MER kwa kila soketi, kisawazishi kikiwa kimewashwa na kikiwa kimezimwa, pamoja na mchoro wa mizani pale tofauti inapozidi desibeli 5. Ukituita, tuachie ufunguo wa chumba cha mitambo, tuambie ni saa ngapi picha hukwama, na vyumba gani vimewahi kubomolewa au kuunganishwa. Kama kuna ramani ya waya, hata ya kuchorwa kwa kalamu, iweke mezani kabla hatujafika.