Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Muda wa Kucheza, Matofali ya Mbao na Uwanja wa Nje

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na mambo ya uandikishaji yamo katika taarifa ya katibu. Taarifa hii inahusu saa ambazo mtoto yuko hapa katika kituo chetu cha watoto wadogo: anacheza nini, kwa muda gani, kwa vifaa vipi, na nini kinachouharibu mchezo. Maombi yote ya kamati yaliyomo humu yanatoka kwenye jambo moja. Vifaa vya aina mbalimbali tunavyo. Tunachopungukiwa ni muda usiokatizwa, na wingi wa kitu kilekile.

Ratiba

Ratiba iliyobandikwa ukutani inaonyesha saa nzima ya mchezo huru. Keti pembeni ukiwa na saa mkononi, hutaiona saa hiyo. Chukua watoto 20 na mabomba mawili. Kunawa vizuri kwa sabuni huchukua kama dakika moja kwa kila mtoto. Kundi zima likipangwa foleni, dakika 10 hupita kabla ya wa mwisho kumaliza, na foleni ikirudiwa mara tatu kwa siku, nusu saa imekwenda kwa kusimama. Hapo kwenye foleni ndipo watoto wanaposukumana, kwa kuwa mikono haina kazi.

Kunawa hakupunguzwi. Kinachobadilika ni kwamba watoto hupelekwa wanne wanne, wengine wakiendelea kucheza. Chakula nacho kiwekwe kwenye meza ya viti vinne, na mtoto aijie anapokuwa tayari, ndani ya dakika 40. Utaratibu huu unamtaka mtu mzima mmoja abaki mezani muda wote akiwa na orodha ya majina. Bila orodha, mtoto aliyezama kwenye mchezo atapitwa na mwenzake atakula mara mbili.

Kwa nini tunabana dakika hivi? Mchezo wa kuigiza huanza polepole. Watoto wa miaka 4 wakitaka kucheza duka, kwanza wanabishana nani awe muuzaji, kisha wanatafuta cha kufanya fedha, wanapanga meza, wanaipangua. Robo saa inaweza kuisha kabla mteja wa kwanza hajafika. Kengele ikilia dakika ya 20 kila siku, watoto hujifunza kwamba hakuna faida kuanzisha mchezo mkubwa, na hubaki kurukaruka kutoka kona hadi kona. Mwalimu anayesema watoto hawatulii aanze kwa kuikagua ratiba.

Kamati inapendekeza dakika 60 mfululizo ndani na 60 mfululizo nje, kila asubuhi. Kiasi hicho si anasa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unataka mtoto wa miaka 3 hadi 4 apate angalau dakika 180 za kujishughulisha kimwili kwa siku, na kati ya hizo zisizopungua 60 ziwe za nguvu ya wastani hadi kubwa, yaani kukimbia, kupanda, kuruka.

Kumaliza nako kuna namna yake. Watoto waambiwe dakika 5 kabla, na mwalimu apite kila kona badala ya kupaza sauti toka mlangoni. Saa ya mchanga ya dakika 5 husaidia kwa sababu mtoto asiyejua kusoma saa anaona mchanga ukipungua. Jengo lisilokamilika liwekewe kadi yenye alama ya mwenyewe na libaki mpaka kesho, ikiwa halizibi njia. Jengo likivunjwa kila siku, mtoto hana sababu ya kupanga kitu kitakachohitaji siku mbili.

Matofali ya mbao

Kati ya vifaa vyote vya ndani, matofali ya mbao ya kuchezea ndiyo kamati inayotaka yatumiwe fedha. Mwalimu Friedrich Fröbel alitengeneza mchemraba wa mbao uliogawanyika kuwa michemraba midogo 8 kabla hata hajakipa kituo chake cha Ujerumani jina la kindergarten, mwaka 1840. Matofali tunayoyapendekeza yanatokana na vipimo vya mwalimu Caroline Pratt wa New York, mapema karne ya 20: tofali la msingi lina unene wa 1, upana wa 2 na urefu wa 4. Kwa sentimita, ni karibu 3.5 kwa 7 kwa 14. Nusu yake ni ya urefu wa 7, maradufu yake 28, na refu kabisa 56.

Faida yote iko kwenye vipimo hivyo, na vipimo hivyo ndivyo fundi anavyoviharibu. Kila mkato wa msumeno hula mbao, tuseme milimita 3. Fundi akichukua ubao wa sentimita 56 na kukata vipande vinne, amekata mara tatu na kupoteza milimita 9. Vitatu vya kwanza vitatoka na sentimita 14 kamili, cha nne 13.1. Mtoto aliyesimamisha vipande vinne kama nguzo na kuweka ubao juu ataona meza inayumba, na atadhani kosa ni lake. Kwa hiyo kabla ya kupokea mzigo, pangeni vipande vinne vya msingi kichwa kwa mkia kando ya kile kirefu. Visipolingana, mzigo urudi.

Mbao iwe ngumu na iliyokauka vizuri. Laini hutoa vibanzi, mbichi hupinda. Kingo zipigwe msasa kiasi cha kuondoa ukali tu, maana kingo zilizoviringwa mno hufanya minara iteleze. Rangi isipakwe: hubanduka, na rangi nyekundu humfanya mtoto achague kwa rangi badala ya urefu. Usafi ni kitambaa chenye unyevu. Kuyaloweka kwenye beseni ni kuyaua, kwa sababu mbao huvimba na vipimo kwisha.

Kona ya watoto wanne inahitaji vipande visivyopungua 200, na zaidi ya nusu viwe vya msingi na vya maradufu. Seti ndogo za vipande 40 vyenye maumbo 15 hupendeza dirishani mwa duka, lakini mtoto anayejenga ukuta huishiwa na tofali katikati. Hapo ugomvi huanza, na sisi tunauita tabia mbaya.

Yapangwe kwenye rafu ubavu ukitazama nje ili urefu uonekane, na mchoro wa kila umbo ubandikwe mahali pake. Kuyarudisha kwa kufuata mchoro ni somo la umbo na urefu lisilohitaji karatasi. Sanduku kubwa la kumwagia halifai, kwa sababu anayetafuta kipande kimoja humwaga vyote. Sakafuni pabandikwe mstari wa utepe umbali wa sentimita 60 kutoka kwenye rafu, na ujenzi uanzie nje ya mstari. Usipokuwepo, anayejenga hukaa miguuni mwa rafu na kila anayekuja kuchukua hubomoa. Mkeka mwembamba unatosha. Zulia nene huangusha minara.

Mwalimu anatakiwa kujua anachokitazama. Ujenzi hufuata hatua zinazofahamika: kubeba tu kutoka hapa hadi pale, safu na minara, daraja, kuzungushia ua, ruwaza zenye ulinganifu, kulipa jengo jina, na mwisho kuiga jengo la kweli. Wa miaka 2 anayebeba matofali huku na huko hachezi ovyo, anajifunza uzito. Kumuuliza “umejenga nini?” ni kumdai jibu asilo nalo. Afadhali mwalimu aseme kilichopo mbele ya macho: “Naona umeweka mafupi mawili pale palipokuwa na refu moja.” Kwa sentensi hiyo mtoto amepata neno na hesabu kwa pamoja.

Kitu kimoja, mara tatu

Mwaka 1932 mtafiti Mildred Parten alieleza jinsi watoto wanavyoanza kwa kucheza peke yao, wakaja kucheza sambamba, na baadaye wakashirikiana. Kucheza sambamba maana yake ni watoto wawili wameketi pamoja, kila mmoja na lake, wakiibiana mawazo kwa macho. Kwa kundi la chini ya miaka 3, basi, magari matatu yanayofanana ni bora kuliko vitu vitatu tofauti. Mhisani akiuliza alete nini, tumwambie hivyo bila haya.

Donge, maji na mchanga

Donge la kuchezea la watoto wanne ni vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini, vijiko vikubwa 2 vya mafuta na maji ya uvuguvugu yasiyozidi kikombe 1. Changanya vikavu kwanza, kisha maji yaingie kidogo kidogo. Likinata, ama maji yamezidi ama chumvi imevuta unyevu wa hewa. Ongeza unga kijiko kimoja kimoja. Likipasukapasuka, lowesha viganja na uongeze mafuta kidogo. Chumvi ikipunguzwa ili kubana matumizi, ukungu huja mapema. Lihifadhiwe kwenye chombo kinachofungwa sawasawa, na likibadilika harufu litupwe. Chumvi nyingi hivyo ni hatari kwa mtoto anayemeza, kwa hiyo wadogo wasiachwe nalo peke yao. Mwenye mzio wa ngano atengenezewe la unga mwingine, na meza nzima itumie hilo, kwa kuwa mikono huchanganyika. Siku za mwanzo watoto wapewe donge tupu bila vifaa. Vikatio vyenye maumbo tayari humaliza kazi haraka, mtoto akagonga nyota tatu na kuondoka.

Beseni la maji lisizidi kina cha sentimita 15, na mtu mzima awe hatua moja tu kutoka hapo. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika sentimita chache za maji. Likimaliza kutumika, limwagwe papo hapo na kufunikwa kichwa chini, si “baadaye kidogo”. Wekeni vyombo vyenye ujazo sawa na maumbo tofauti. Watoto wengi wa umri huu watasema chombo kirefu chembamba kina maji zaidi. Msiwasahihishe. Wape muda wamimine huku na huku.

Shimo la mchanga liwe na kina cha angalau sentimita 30, chini kukiwa na kokoto na kitambaa cha kupitisha maji. Mchanga mkavu haujengi kitu. Kama ndoo 1 ya maji kwa ndoo 8 za mchanga mkavu hutoa mchanga unaosimama. Usiku ufunikwe kwa wavu wa matundu madogo. Paka hawataingia kujisaidia, na hewa itapita. Turubai hufungia unyevu na harufu.

Uwanja wa nje

Chini ya chombo cha kupandia, yaani cha watoto kukwea, chenye urefu wa mita 1.2, mchanga wa kina cha sentimita 23 ndio wa kiwango cha chini. Tujaze 30, kwa sababu hushindiliwa na kutawanyika. Eneo laini lienee mita 1.8 kila upande, na chini ya bembea pasawazishwe kwa reki kila asubuhi, maana miguu huchimba shimo palepale mtoto anapoangukia. Nyasi zilizokanyagwa hazihesabiki kuwa laini.

Pitieni nafasi zote kati ya vyuma na mbao. Iliyo kati ya sentimita 9 na 23 ni mtego: mwili hupita, kichwa hukwama. Izibwe au ipanuliwe. Kamba za kofia na shingo za nguo hunasa juu ya mtelezo, kwa hiyo zivuliwe kabla ya kutoka nje. Wazazi, hilo ni lenu pia.

Kwa walio chini ya miaka 3, kitu chochote kinachozama chote ndani ya mrija wenye kipenyo cha sentimita 3.17 hakifai, na mpira wa chini ya sentimita 4.45 ni mdogo mno. Kila darasa liwe na mrija wa kupimia. Kifaa chenye betri ya kitufe, ile ndogo bapa kama kifungo cha nguo, ambacho kifuniko chake hakifungwi kwa skrubu kiondoke kituoni siku hiyohiyo.

Suala la madaftari

Wanachama kadhaa wameomba watoto wa miaka 3 waanze kufuatisha herufi. Kamati haijakubali. Mkono huandaliwa kwa kukanda, kukamua sponji, kufunga vifungo na kuchora wima ukutani. Krayoni fupi ya sentimita 3 au 4 humlazimisha mtoto kuishika kwa ncha za vidole, jambo ambalo penseli ndefu hailifanyi. Maandishi yawe ndani ya mchezo: kibao cha duka, orodha ya zamu, jina kwenye kadi ya jengo. Hesabu vilevile. Kuwaandalia wenzake wanne vikombe, kimoja kwa kila mtu, ni kazi ngumu kuliko kukariri moja hadi ishirini.

Mzazi anayetaka kuona maendeleo ataonyeshwa kumbukumbu za mwalimu, na hizi ziandikwe vizuri. “Alicheza vizuri” haina maana. Tarehe, alichofanya na maneno yake mwenyewe, mistari mitatu, yatosha: “Alijaribu daraja mara nne, nguzo moja ilikuwa fupi. Akasema, ‘Hii inataka mwenzake.’ Akaongeza nusu tofali.”

Hoja za mkutano

Tutapigia kura mambo matatu: ratiba mpya ya dakika 60 mara mbili, ununuzi wa matofali 200, na kujaza mchanga chini ya vyombo vya kupandia. Fedha zikitosha jambo moja tu, kamati inaomba uwe mchanga. Ratiba haina gharama na inaweza kuanza Jumatatu. Kwa matofali, sampuli ya vipande vinane italetwa mkutanoni. Tafadhali mje na rula na mvipime wenyewe.