Leo mabasi yamelala

Minneapolis, mchana

Binti yangu,

Salamu nyingi kutoka kwenye friji. Sisi hatujambo, ila baridi, na hiyo unaijua. Picha yako nimeiona, umevaa ndala mwezi wa Januari huko Phoenix, aiskrimu mkononi. Nilimwonyesha mama yako, akasema, "Mwambie asijisahau." Basi nimekwambia.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu leo nina ofu na muda ninao. Kwa kawaida wakubwa wa shule hutangaza tangu jioni, mtu akalala akijua. Safari hii ujumbe umeingia saa kumi na robo alfajiri, nimeshavaa kila kitu: suruali mbili, soksi mbili, na ile kofia ya masikio unayosema inanifanya nifanane na beberu. Mguu mmoja kwenye buti. Shule zimefungwa, upepo na baridi vikichanganywa ni nyuzi 41 chini ya sifuri. Wala sikuhangaika kuzigeuza ziwe za kwetu. Wewe ndiwe uliyenifundisha, ukifanya hesabu zako kwenye meza hii hii, kwamba kwenye 40 chini ya sifuri Farenhaiti na Selsiasi hukutana. Ikifika hapo hakuna ya Wamarekani wala ya kwetu, ni baridi tu.

Nilikaa kwenye ngazi na lile buti moja karibu dakika kumi. Sikujua nianzie wapi.

Watu hudhani shule hufungwa kwa ajili ya watoto peke yao. Ni kweli, kwa upepo kama huu mtoto akisahau glovu kituoni, dakika kumi tu vidole vinaanza kuganda. Lakini habari nyingine iko kwenye yadi yetu sisi madereva wa mabasi ya shule. Dizeli ina nta ndani yake. Baridi ikizidi nta inajitenga, inaziba chujio, basi linakohoa mara mbili na kuzima. Ni kama mafuta ya nazi ya bibi yako yanavyoganda chupani asubuhi za Julai kule Tanga, ila bibi huiweka chupa juani na mambo yakaisha, wakati jua la hapa leo ni la kutazama tu. Mabasi yetu tunayachomeka kwenye umeme usiku kucha ili injini zisipoe kabisa, na bado alfajiri hayakosi mawili matatu yaliyogoma.

Na usidhani watoto wenyewe wamepumzika. Sheria ya jimbo inaziruhusu shule siku hadi tano kwa mwaka za kusomea nyumbani kwa kompyuta, na wakubwa wameipenda hiyo kuliko mnavyodhani. Kwa hiyo mtoto wa jirani sasa hivi yuko mezani anajibu maswali ya sayansi, na aliyekaa bila kazi ni dereva wake. Mimi naona wameibiwa. Siku ya baridi kali ilikuwa mali ya watoto, hakuna aliyeiomba wala aliyeilipia.

Mama yako hakubahatika. Nyumba ya wazee haifungwi, mzee anataka kugeuzwa kitandani hata mbingu ikianguka. Aliondoka saa kumi na moja na nusu. Alinikuta nimerudi chini ya blanketi, akaniangalia, akasema, "Haya." Unaijua ile "haya" ya mama yako.

Nililala hadi saa tatu. Saa tatu, mwanangu! Nilipoamka nyumba ilikuwa kimya, mbao zikipasuka pasuka kwa baridi kama mtu anayevunja kuni darini, na dirisha la jikoni limeota majani ya barafu kwa ndani. Nikaamua kupika mahamri. Tui la kopo lipo, iliki ipo, hamira ipo, kilichokosekana ni joto la kuumulia unga. Kwa hiyo nikafanya alivyokuwa akifanya mama yako ulipokuwa mdogo: nikatia nguo kwenye mashine ya kukaushia, nikaiwasha, nikaweka bakuli juu yake na kulifunika taulo. Nilisimama pale nikilitazama. Mashine inatetemeka, bakuli linatetemeka, na unga unapanda taratibu huku unacheza, mpaka ukaanza kuinua taulo. Mbaazi sikuwa nimeroweka. Nani anaroweka mbaazi kwa ofu asiyoijua? Nimekula na chai tu, nimesimama, ya kwanza imeniunguza ulimi.

Sasa nikwambie jambo ambalo simu ingenipa aibu kulisema. Mimi kupumzika nilikuwa sikujui. Unajua niliendesha daladala, njia ya Raskazone, kabla hujazaliwa. Daladala halina ofu, lina hesabu. Jioni tajiri anataka hesabu yake, iwe mvua imenyesha, iwe umeumwa. Ukitaka kulala nyumbani unampa gari deiwaka, na moyo unabaki barabarani, unahesabu abiria ukiwa kitandani. Nilikuja Marekani na ule moyo. Hapa nako, siku ambayo basi halijatoka, kwa kampuni ninayofanyia, hailipwi. Nchi imebadilika, hesabu ni ile ile.

Unakumbuka Januari 2019? Ulikuwa darasa la tano. Tarehe 30 asubuhi hapa mjini ilifika nyuzi 28 za Farenhaiti chini ya sifuri, kama 33 za kwetu, na hiyo ni bila kuhesabu upepo. Hata posta ilisimamisha kugawa barua, na watu hawa husifu posta yao kwamba haiogopi theluji wala mvua. Siku kadhaa hakuna shule, na mimi siku kadhaa hakuna senti. Wewe ulikuwa na sherehe. Ulikuja sebuleni na kikombe cha maji ya moto unakishika kwa soksi, "Baba, njoo uone, ukiyarusha nje yanageuka wingu!" Nikasema subiri. Nilikuwa kwenye simu, natafuta pa kupata kazi ya siku moja. Halafu nikatoka kuwasha gari niende nikaulize mwenyewe, betri ikawa imekufa, nikasimama nje nagombana na chuma. Nilikusikia mlango wa nyuma unapiga kelele za furaha. Sikuja kuona. Jioni ulinieleza kwa mikono yote miwili, nami nikaitikia "eeh, eeh" nikiwa napiga hesabu ya kodi kichwani.

Leo kodi ipo pale pale, na nimeshapiga hesabu ya kilichopungua, usidhani nimekuwa malaika. Ila nilipomaliza kula niliona birika bado linachemka.

Nikavaa lile buti na mwenzake, nikafungua mlango wa nyuma. Pua iliganda kwa ndani pumzi ya kwanza tu. Theluji ilikuwa inalia chini ya mguu kama unapoukanyaga mfuko wa unga wa muhogo. Nilijaza kikombe, nikaupa upepo mgongo, nikarusha juu kwa nguvu zote. Shwaa! Sikuona tone likianguka. Yalifunguka hewani kama khanga inayokung'utwa, meupe, yenye vidole virefu, yakasimama kidogo, kisha yakaondoka taratibu juu ya uzio kuelekea kwa yule mzee wa nyuma. Naye alikuwa dirishani na kahawa yake, ananitazama. Mtu mzima, kofia ya beberu, kikombe kitupu. Akaniinulia kikombe chake.

Nikarudi ndani kuchemsha birika la pili.

Umakinike na masomo, na unywe maji, huko ni jangwa. Mahamri yamebaki saba. Mama yako akirudi atakuta matano.

Ni mimi,
Baba yako