Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mtwara: kiharusi hakingoji Jumatatu

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, salaam.

Mjomba wangu wa Tandahimba alilala mzima. Alfajiri mdomo umekwenda upande, uji unamchuruzika kidevuni, mkono wa kulia hauna habari. Majirani wakasema kapigwa na jini, saa zikaishia kwenye kombe. Hospitalini swali la kwanza likawa: ilianza saa ngapi? Nani ajue, na mwenyewe alikuwa usingizini? Alteplezi, dawa ya kuyeyusha damu iliyoziba mshipa wa ubongo, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Saa isipojulikana, kwa kawaida mtu huikosa.

Hapo ndipo MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, inapofaa. Kuna picha yake inayoonyesha sehemu ya ubongo iliyoumia dakika chache tu baada ya mshipa kuziba. Nyingine, FLAIR, huchukua saa kadhaa kulionyesha doa hilohilo. Doa likionekana kwenye ile ya kwanza tu, yaelekea muda wa dawa haujapita. Utafiti wa WAKE-UP wa 2018 uliwapima hivyo walioamka na kiharusi. Waliopewa dawa walipona vizuri zaidi, ingawa hatari ya damu kuvuja kichwani ipo.

Kisha kuna kupima mtiririko wenyewe wa damu. Mgonjwa hudungwa gadolinia, dawa inayoonekana kwenye picha ikipita na damu, mashine inapiga picha mfululizo kuona inafika wapi na inachelewa wapi. Panapochelewa lakini hapajafa, ndipo pa kuokoa. Kwa baadhi ya wagonjwa walioziba mshipa mkubwa, donge la damu huweza kuvutwa kwa mrija hata hadi saa 24.

Siombi mashine mpya, Mheshimiwa. Mashine inayofungwa Ijumaa jioni ni samani tu. Naomba uwakalishe waganga wakuu wa wilaya na hospitali zenye vipimo, wakubaliane nani anapokea simu usiku, nani anasoma picha, alteplezi ipo stoo au haipo, na ambulensi ya Newala itoe taarifa kabla haijang'oa nanga. MRI isipopatikana upesi, CT, picha ya kichwa ya eksirei, ifanyike papo hapo: dawa hii haitolewi kabla ya kuhakikisha kwamba damu haijavuja.

Minada ya korosho ikianza, viongozi wote watakuwa huko. Tafadhali kikao hiki kifanyike kabla.

Wako,
Mkazi wa Tandahimba