Barua za babu kutoka Bama: nizisome zote?

Mheshimiwa Mhariri,

Assalaam alaykum. Mimi ni mwanamke wa miaka 51, mkazi wa Mji wa Kale, Mombasa, na ninaomba ushauri wako na wa wasomaji wenzangu juu ya jambo ambalo mpaka sasa, kati ya walio hai, ninalijua peke yangu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, au Keya kama wazee walivyoita. Alipanda meli Kilindini mwaka 1943 kwenda Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na mwaka uliofuata Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na alama ya kichwa cha kifaru, ikapelekwa Burma, yaani Bama, ambayo leo ni Myanmar, kupigana na Wajapani katika bonde la Kabaw hadi mto Chindwin. Alirudi 1946. Muda wote huo alimwandikia bibi, na barua 34 zimehifadhiwa katika mkebe wa biskuti ulio chini ya kitanda cha mamangu. Lugha yake ni Kimvita, lakini hati ni za Kiarabu, na katika ukoo wetu nimebaki mimi tu ninayezisoma bila kukwama. Mamangu, ambaye ametimiza miaka 83 na macho yake hayaoni tena, amenitaka nimsomee zote kwa mpangilio, moja kila usiku, kabla ya Ramadhani kuingia.

Kwa tahadhari nilizipitia zote kwanza, na laiti nisingefanya hivyo.

Za mwanzo ni furaha tupu. Kila moja huanza kwa "Ama baad, nakuarifu hali yangu njema", na babu hakuuacha mwanzo huo hata katika ile ya baadaye, ya Burma, ambayo mistari michache mbele anaeleza kwamba wamelala siku nne katika tope, ruba wakiwaingia viatuni, na chakula wakiangushiwa na ndege kwa miavuli. Katika nyingine anasema kwamba dawa ya homa wanayomezeshwa imewafanya wote kuwa manjano kama maharusi waliosingwa. Majina ya mahali hayamo, kwa sababu maofisa walizisoma barua kabla hazijatumwa, na palipotajwa mji au mto pakakatwa kwa mkasi.

Tatizo limo katika barua ya Machi 1944. Mwezi mmoja kabla yake, tarehe 12 Februari, meli ya Khedive Ismail iliyotoka hapa Kilindini ilizamishwa na nyambizi ya Japani karibu na Maldives, wakafa watu zaidi ya 1,200, wakiwamo mamia ya askari wa Afrika Mashariki. Babu hakuitaja meli. Ameandika tu kwamba wamepata habari isiyoandikika na kwamba tangu siku hiyo usingizi umemruka. Hapo ndipo anapomweleza bibi kwamba shilingi 12 anazokatwa kila mwezi zinapelekwa kwa kaka yake mkubwa, amnunulie bibi nyumba Majengo kwa jina lake bibi, ili yeye akifa watoto wasihangaike. Barua tano zilizofuata zinaitaja nyumba hiyo hiyo, yenye vyumba sita na mnazi mmoja uani.

Nyumba hiyo naijua vizuri. Ilinunuliwa kweli, ila kwa jina la kaka mtu, na wajukuu wake ndio wanaoishi humo hadi leo. Ni nyumba isiyo na ardhi, kama zilivyo nyingi za Majengo. Nyumba yao, kiwanja cha mwingine, na kodi ya kiwanja hulipwa. Babu aliporudi vitani alipanga vyumba viwili Kibokoni, akafia humo mwaka 1981, wala sikuwahi kusikia kwamba alidai chochote. Kinyume chake, nakumbuka kila Ijumaa baada ya swala alinishika mkono tukaenda kula chakula cha mchana kwa kaka yake, katika nyumba hiyo hiyo.

Je, alisamehe, au aliona haya? Jibu lilikuwamo katika barua ya Desemba 1944, ambapo inaonekana bibi alikuwa amelalamika. Babu anamjibu: "Kaka usimuulize neno, kwani", na baada ya "kwani" pana tundu la upana wa vidole viwili. Mkasi haukuilenga sentensi hiyo. Upande wa pili wa karatasi babu anasimulia jinsi walivyovuka daraja refu, nadhani ni lile la Kalewa juu ya mto Chindwin, na jina ndilo lililokatwa. Kwa ajili ya jina la mto sisi tumepoteza sababu. Baada ya tundu yamesalia maneno mawili: "tutazungumza nikirudi".

Sasa wajukuu wa kaka yake babu wamepata mnunuzi anayetaka kubomoa ajenge ghorofa, na wamemwomba mamangu, kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo, akae nao siku ya kutia saini. Mmoja wao ndiye anayempeleka kliniki kila mwezi bila kuombwa hata pesa ya mafuta. Rafiki yangu wakili amenieleza kwamba sheria yetu haimpi mtu nafasi ya kudai ardhi baada ya miaka 12, lakini mimi siifikirii mahakama. Namfikiria mamangu, ambaye hajapata kulala na deni la hata kibaba cha mchele, akijua kwamba mamake alizeekea katika vyumba vya kupanga.

Kuziruka baadhi ya barua siwezi. Amezihesabu mwenyewe kwa kuzipapasa, kila ninayomaliza huirudisha mkebeni kwa mkono wake, na alipofika kwenye ile yenye tundu alipitisha kidole, akaniuliza ni nini kilichokatwa hapo. Nilimjibu kwamba tutafika.

Jana tumesoma ya 14. Ile ya Machi ni ya 15. Nimsomee kama ilivyo na kumwachia yeye uamuzi, au niwaone kwanza wale wajukuu, niwaeleze kilichoandikwa, wao wenyewe wakamweleze? Na nikisoma, nifikapo kwenye tundu lile, nimwambieje?

Wako msomaji,
Mji wa Kale, Mombasa